Grytviken, Walikochuniwa Nyangumi

Nahodha Carl Anton Larsen wa Norwei alifika South Georgia, kisiwa cha baridi kali kusini mwa Atlantiki, mwezi Novemba 1904. Alikuja na wanaume 60, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wameanza kuvua. Hawakuhitaji kwenda mbali: nyangumi nundu walijaa ndani ya Ghuba ya Cumberland, mbele ya kambi yao ya Grytviken.

Mimi ni baharia, mzaliwa wa Tanga. Naendesha boti za mpira zinazowashusha watalii kutoka meli za safari za kusini. Kila tunapofika Grytviken nawasihi wageni waanze na uwanja wa kuchunia, ndipo waende kwa pengwini na sili tembo.

Nyangumi alipigwa chusa chenye baruti kilichofyatuliwa kwa mzinga. Mzoga ulijazwa hewa usizame, ukakokotwa hadi uwanjani. Wachunaji walipasua ngozi kwa visu vya mipini mirefu, winchi za mvuke zikaibandua shahamu, nayo ikachemshwa. Mafuta yalisafirishwa Ulaya kutengenezwa sabuni na majarini. Miaka ya mwanzo walichukua shahamu tu, na mizoga iliyosalia ikaachwa ioze ghubani.

Hadi 1965, kisiwa hicho kilikuwa kimechakata nyangumi zaidi ya 175,000. Sikubali mtu aseme kwamba vituo vya uvuvi vilifungwa kwa huruma. Vilifungwa kwa sababu nyangumi walikwisha, na biashara haikulipa tena.

Mwaka 1966, Lars-Eric Lindblad, Mmarekani mzaliwa wa Sweden, aliwapeleka watalii Antaktika. Mwaka 1969 alizindua Lindblad Explorer, meli iliyojengwa kwa safari za namna hiyo. Abiria walishuka kwa boti za mpira, wakifuatana na wanasayansi waliowaeleza walichokiona. Ndiyo kazi ninayoifanya leo. Wavuvi na watalii walikaribia kukutana mlangoni: hawa wanatoka, wale wanaingia.

Lakini utalii peke yake haukuwarudisha nyangumi. Sheria ndiyo iliyowapa nafasi. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Uvuvi wa Nyangumi ilipiga kura kusitisha uvuvi wa biashara. Nyangumi nundu wameongezeka sana tangu hapo. Nyangumi buluu wamechelewa: kwa miaka mingi watafiti waliwaona kwa nadra sana karibu na South Georgia, hadi mwaka 2020 walipohesabu zaidi ya 50 katika msafara mmoja.

Habari hii inatuhusu sisi watu wa pwani. Nyangumi nundu wanaopita Watamu na Zanzibar kuanzia Julai huwa wanatoka kula katika bahari ya Antaktika, upande wa Bahari ya Hindi, wakija kuzaa kwenye maji yetu ya joto. Mwaka 1979 Shelisheli, nchi ndogo iliyopata uhuru miaka mitatu tu kabla, ilipendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi isiyoruhusu uvuvi wa biashara wa nyangumi. Tume ikakubali.

Kwa hiyo ninapozima injini mbali na nyangumi, na mgeni akaniomba nisogee zaidi, namkatalia kwa heshima. Larsen aliwamaliza kwa sababu walikuwa karibu. Sisi tunaoishi kwa kuwatazama tuna wajibu wa kuwaachia nafasi, iwe Grytviken au Nungwi, Zanzibar.