Watoto wa Tengeru na ugomvi wa Kanada

Septemba 2024 ilitimia miaka 75 tangu yatima 123 wa Kipoland walipotia mguu Halifax, Kanada, wakitokea Tanganyika. Hapa Iringa hakuna aliyeshtuka, ingawa Ifunda, kwenye barabara ya Mbeya, palikuwa na kambi ya wakimbizi wenzao.

Februari 10, 1940, Wasovieti walianza kuzihamisha kwa nguvu familia za mashariki ya Poland, zikasafirishwa kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia. Njaa na maradhi viliwaacha watoto wengi bila wazazi. Mwaka 1942 baadhi ya walionusurika walivushwa hadi Uajemi, na Wapoland wapatao 18,000 wakaletwa Afrika. Tanganyika iliwapokea Tengeru, Kondoa, Morogoro, Kidugala na Ifunda.

Vita vilipokwisha, swali likawa watoto hawa ni wa nani. Padri Lucjan Królikowski, aliyekuwa nao Tengeru na ambaye naye alipelekwa Siberia, ameusimulia mkasa huo katika kitabu alichokiita Utoto Ulioibwa. Serikali mpya ya Poland mjini Warsaw iliwataka warudi: ni watoto wa taifa, na wengine, ikadai, wana jamaa nyumbani. Padri alilitazama jambo upande wa watoto. Kuwarudisha chini ya utawala uliosimamishwa na wale wale waliowang'oa makwao, kwake, kulikuwa kuwafukuza mara ya pili.

Askofu Mkuu Joseph Charbonneau wa Montreal akakubali kuwapokea. Mwaka 1949 Shirika la Kimataifa la Wakimbizi liliwasafirisha kwa meli kutoka Mombasa hadi Salerno, Italia. Hapo ugomvi ukalipuka. Warsaw ikalituhumu shirika hilo na Kanada kuwateka nyara watoto, na malalamiko yakafika Umoja wa Mataifa. Wakapandishwa treni hadi Bremerhaven, Ujerumani, kisha meli ya kuvuka Atlantiki. Mtoto aliyetolewa kwao kwa behewa la mizigo alipanda treni tena, safari hii huku serikali zikimgombea. Padri hakuwaacha, akawa mlezi wao Kanada. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 100.

Ifunda baadaye ikawa shule ya ufundi. Ni wanafunzi wangapi wa pale wanaofundishwa habari hii?

Aibu yetu kubwa zaidi iko karibu na nyumbani. Wapoland waliandika majina, ndiyo maana wajukuu wao leo wanaweza kuwatafuta jamaa. Wajerumani walipoiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, Oktoba 30, 1894, wanawake na watoto wa Uhehe walichukuliwa mateka. Tunajivunia fuvu la Mkwawa lililorejeshwa mwaka 1954, na ni haki yetu. Lakini mateka wale wadogo hatuna orodha yao wala siku ya kuwakumbuka.

Kutoka Kalenga hadi Pawaga na Idodi, bado wapo wazee wanaoweza kutaja nasaba zao vizazi vinne nyuma na kusema ukoo ulikatika wapi. Shule za tarafa ya Idodi zianze mwaka huu: kila mwanafunzi amkalishe babu au bibi, aulize nani alichukuliwa vitani, nani alirudi, na aandike majina. Halmashauri iyatunze maandishi hayo kabla wazee hawajatutoka.