"Pori Tupu" Lilikuwa la Nani? Historia ya ardhi ya pembeni ya ziwa



Siku hizi hakuna mkutano wetu unaofungwa bila mwanamemba mmoja kusimama na kuuliza juu ya parseli. Amesikia kuko mtu anauza ardhi nje ya mji wa Kalemie, upande wa ziwa. Mchanga ni mzuri, upepo upo, mtu anaweza kujenga kanyumba, kupanda mihogo, na siku za mbele pengine kupokea wageni wanaokuja kuogelea na kupumzika. Bei ni ndogo. Na muuzaji anamaliza kwa maneno yale yale: "Hii ni pori tu, haina mwenyewe." Wafadhili nao wametuuliza kama feza zao zinaweza kununulia familia zilizorudi ardhi ya namna hiyo.

Kabla ya kujibu, tumeona vema tueleze historia ya neno hilo "tupu". Limekwisha kuwanyang'anya watu wa huku ardhi zaidi ya mara moja, na sisi rapatriye tumo kati yao.

Kabla ya karatasi

Mwaka 1883 Émile Storms, ofisa wa jeshi la Ubelgiji, alijenga kituo Mpala, kusini mwa Kalemie ya leo. Hakukuta nchi tupu. Kulikuwa na vijiji vya Watabwa na Waholoholo, na machifu wenye nguvu kama Lusinga, ambaye watu wa Storms walimuua mwaka 1884.

Hata mahali pasipo na nyumba, ardhi ilikuwa na kazi. Shamba likichoka linaachwa lipumzike miaka kadhaa, pori linakua juu yake, halafu wenyewe wanalirudia. Mchanga wa pembeni ya ziwa ni mahali pa kuanika ndagala na kuvuta mitumbwi. Mlimani watu wanatafuta kuni, asali, dawa na nyama. Na kuko makaburi. Mgeni anayepita siku moja anaona pori. Mwenyeji anaona shamba la babu yake ambalo bado linapumzika.

Amri ya 1885

Tarehe 1 Julai 1885, mwaka ule ule Léopold II alipojifanya mwenye nchi yetu, msimamizi wake mkuu Francis de Winton alitia sahihi amri fupi. Ilisema mambo matatu: mtu asikae kwenye ardhi tupu bila karatasi, wenyeji wasinyang'anywe ardhi wanayoikaa, na ardhi yote tupu ihesabiwe kuwa mali ya Leta.

Ukiisoma haraka unaona kama inamlinda mwenyeji. Shida ilikuwa: nani anasema mahali hapa ni patupu? Wazungu walihesabu nyumba na mashamba yenye mazao. Pori la kuwinda, mahali pa kuvua, shamba linalopumzika, vyote vikabaki nje ya hesabu. Kwa siku moja sehemu kubwa ya Congo ikawa ya Leta, na watu wa vijijini hawakusikia hata habari.

Mwisho wa 1891 kapteni Jacques alianzisha boma ambalo likaja kuwa Albertville, mji wetu wa Kalemie. Mwaka 1902 kampuni ya reli, ile CFL ambayo wazee bado wanaitaja, ilipewa haki juu ya hekta milioni 4 mashariki mwa nchi, malipo ya kujenga njia. Ubelgiji yenyewe ina hekta kama milioni 3 tu. Mwaka 1915 treni kutoka Kabalo ikafika ziwani, kilometa 273. Reli ilileta kazi na biashara, hatukatai. Lakini feza yake ililipwa kwa ardhi ambayo hakuna aliyewauliza wenyewe.

Wabelgiji wenyewe waliona kasoro. Amri ya 3 Juni 1906 ilipanua maana kidogo: ardhi ya wenyeji ni ile wanayoikaa, wanayoilima au wanayoitumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi. Halafu amri ya 31 Mei 1934 ikaagiza kwamba kabla ya kumpa mtu ardhi, Leta ifanye uchunguzi kuona kama kweli ni tupu. Ule uchunguzi tutaurudia, maana bado unatufaa.

Baada ya uhuru

Mwaka 1966 ilikuja sheria iliyoitwa kwa jina la mbunge Bakajika, iliyorudisha kwa taifa haki zilizogawanywa kwa makampuni wakati wa ukoloni. Ikafuata sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, na hauwezi kuuzwa. Kwa hiyo mtu anayesema amenunua ardhi amenunua haki ya kuitumia tu, ile konsesyo. Na kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, sertifika ya kuandikishwa inayotolewa na konservateri.

Na ardhi za vijiji? Sheria ilisema nazo ni za Leta, na kwamba haki za wanavijiji zitapangwa na ordonansi ya Rais. Hicho ni kifungu cha 389. Miaka makumi ilipita bila ile ordonansi kutoka. Ndiyo maana huku kwetu ardhi moja ina mabwana wawili: shefu wa desturi, ambaye kila mtu anamjua, na Leta, yenye karatasi. Anayenunua kwa shefu peke yake anakosa sertifika. Anayepita ofisini peke yake anapata karatasi, kisha anakuta watu wanalima pale, na ugomvi unaanza.

Sisi nasi tuliitwa tupu

Mwaka 1996 vita ilipoanza, wengi wetu tulivuka ziwa kwenda Kigoma. Tulikaa Nyarugusu na Lugufu. Wengine walienda Zambia, Mwange na Kala. Lugufu ilifungwa 2009. Tuliporudi tulikuta mashamba yetu yamegawanywa. Tulipouliza tukajibiwa: "Palikuwa pori, hapakuwa na mtu." Wengine walionyeshwa karatasi iliyotiwa sahihi wakati sisi tuko kambini tukingoja posho.

Halafu 2016 na 2017, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalikimbiza watu wengi sana, na sehemu za kuzunguka Kalemie zikajaa wakimbizi wa ndani. Vijiji vyao vikabaki kimya. Leo mtu akituuzia ardhi ya bei ndogo upande ule, swali la kwanza ni moja: aliyekuwa pale yuko wapi? Sisi tuliopotezewa mashamba kwa neno "tupu" hatuwezi kulitumia juu ya mwenzetu.

Ziwa nalo lina mpaka wake

Upande wa mchanga kuko jambo la pili. Cameron alipofika 1874 na Stanley 1876, mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na maji ya ziwa yalikuwa juu sana. Karibu na 1878 ile ziba ikavunjika, na kwa miaka kama 15 ziwa likashuka karibu meta 10. Sehemu ya ufuko tunaoupenda leo ilikuwa chini ya maji wakati ule. Mwaka 1964 maji yalipanda tena. Tangu 2020 tumeyaona sisi wenyewe yakiingia katika nyumba, na 2024 yakafika kiasi ambacho hakikuonekana tangu ile miaka ya 1960.

Sheria ya 1973 inajua jambo hili. Kifungu cha 16 kinaweka kitanda cha ziwa katika mali ya watu wote, mpaka pale maji yanapofika wakati wa kujaa kwa kawaida, pamoja na meta 10 zaidi kuelekea nchi kavu. Kwa hiyo parseli "ya kugusa maji" haiuziki, hata muuzaji akiwa na mihuri mitano. Na kaskazini, upande wa milima ya Kabobo, jimbo liliunda hifadhi ya asili mwezi wa Desemba 2016. Uzuri wa kutembelea upo, lakini mipaka yake lazima mtu aijue kabla ya kutoa feza.

Si Congo peke yake

Ndugu zetu waliotoka Nyarugusu na kupelekwa Marekani, wengine wanakaa Idaho na Utah, upande wa jangwa la juu. Kule nako ardhi tupu inauzwa kwa watu wanaopenda kupiga kambi na kuwinda. Miaka ya 1960 makampuni yaliuza vipande vya jangwa kwa barua. Watu walilipa bila kuona, kumbe hakuna barabara wala maji. Ndiyo maana 1968 bunge lao lilipitisha sheria ya kumlazimisha muuzaji kumweleza mnunuzi ukweli kwa maandishi. Huku kwetu macho na masikio yetu ndiyo yatafanya kazi hiyo.

Tunavyoomba kila mwanamemba afanye

1. Ufike mahali mwenyewe, mara mbili, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Uliza majirani, wavuvi na akina mama wanaolima karibu, siyo shefu peke yake.

2. Uliza nani alikuwa pale kabla ya 1996, na kabla ya 2016. Kama familia iko kambini au ng'ambo, itafutwe kwanza.

3. Dai ule uchunguzi wa ardhi tupu. Sheria ya 1973 iliuendeleza: mipaka inaangaliwa, watu wanaoikaa wanahesabiwa, wanasikilizwa, na tangazo linabandikwa mwezi mmoja. Ukiurukwa, karatasi yako inaweza kuvunjwa.

4. Usilipe yote kabla ya kuona namba ya kadastri. Sertifika ikitoka, ndani ya miaka miwili bado inaweza kushambuliwa mbele ya tribinali.

5. Kwa ndugu waliochukua uraia wa ng'ambo: uraia wa Congo hauchangani na mwingine, na konsesyo ya milele ni ya Wakongomani tu. Mgeni anapata ya miaka 25, inayoweza kurudiwa.

Kwa wafadhili jibu letu ni hili: msitununulie "pori tupu". Tusaidieni kulipa uchunguzi, vipimo na sertifika za mashamba ambayo wenyewe wanajulikana. Kazi hiyo inakwenda polepole, lakini mtoto atakayerithi hataambiwa siku moja kwamba hapakuwa na mtu.