Ngata, Keria na Reli za Paa: Historia ya Ubebaji wa Mizigo Ufipa

Historia ya uchukuzi katika nyanda za juu za Ufipa, zilizoinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, kwa kawaida huelezwa kwa kufuata vyombo vilivyopokezana njiani: kichwa cha mpagazi, baiskeli, lori, na hatimaye gari la familia. Masimulizi ya namna hiyo hukisahau kifaa kidogo ambacho kila chombo kilikihitaji, yaani kile kinachokaa kati ya mzigo na mbebaji wake. Ngata ya majani, keria ya basi na vyuma vinavyofungwa leo juu ya paa la gari ni vizazi vya kifaa hicho kimoja, na kila mara umbo la mbebaji lilipobadilika, kilibidi kibuniwe upya.

Kabla ya ukoloni, Ufipa iliyokuwa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, ilisifika kwa chuma. Mafundi walijenga tanuri refu la udongo lililoitwa ilungu, lenye kimo cha mita tatu hivi, ambalo liliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo uliojivuta wenyewe bila mivukuto. Bonge lililopatikana lilisafishwa katika tanuri dogo, kitengwe, kabla ya kufuliwa jembe. Mawe, makaa na majembe yaliyouzwa kwa majirani vilisafiri juu ya miili ya watu. Ng'ombe walifugwa Ufipa, lakini njia za kutoka huko ziliteremka katika miombo yenye mbung'o, inzi wanaoeneza ugonjwa unaoua mifugo, kwa hiyo mnyama wa mizigo hakuweza kutegemewa safarini.

Kichwa kilihitaji ngata, yaani pete ya majani au kitambaa iliyosokotwa ili kutawanya uzito na kuuzuia mzigo usiteleze. Bega lilihitaji mpango mwingine: wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walilifunga robota la nguo kwa fito, wakaziacha zichomoze upande mmoja, ili wakati wa kupumzika mzigo uegemezwe kwenye mti bila kugusa ardhi yenye unyevu na mchwa. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, alisafiri kwa msafara wa wapagazi wa aina hiyo, ambao kwa kawaida kila mmoja alibeba karibu frasila mbili, kiasi cha kilo 30.

Utawala wa Wajerumani, uliokuwa na boma lake Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, na baadaye ule wa Waingereza, uliendelea kutegemea wapagazi mahali ambapo barabara hazikufika. Baiskeli zilipoenea zilileta neno keria, lililotoholewa kutoka Kiingereza, kwa maana ya kitako cha chuma kilicho nyuma ya kiti, na neno hilo likapanda hadi juu ya mabasi na magari. Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, pamoja na magari mengi ya enzi zake, ilikuwa na mfereji mwembamba wa maji ya mvua pembezoni mwa paa; miguu ya keria ilikaa ndani ya mfereji huo na kubanwa kwa skrubu, na kama kifaa cha dukani hakikupatikana, fundi wa kuchomelea aliweza kuunda chake kwa mabomba.

Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilomita 224 hivi na iliyogharimiwa na Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008, ilirahisisha safari za magari madogo. Magari hayo hayana tena mfereji wa mvua. Baadhi yana reli zilizoinuka, ambazo chini yake mkono hupita, hivyo kibanio huzizunguka kwa urahisi. Mengine yana reli zilizolala, yaani zilizogandamana na paa bila kuacha nafasi, na hizo haziwezi kuzungushiwa kamba wala kibanio cha kawaida. Vyuma vya kukingama, vinavyolala juu ya reli hizo kutoka upande hadi upande, huhitaji miguu yenye midomo inayobana kingo za reli kwa ndani na kwa nje, iliyochongwa kufuata umbo la reli ya gari husika. Urefu wa vyuma nao hupimwa, kwa sababu paa la magari mengi hupungua upana kuelekea nyuma, na chuma cha mbele huenda kisifae nyuma.

Hesabu ya uzito ndiyo inayoiunganisha sura hii mpya na ile ya kale. Paa la gari la namna hiyo mara nyingi huruhusiwa kilo 75 hadi 100, uzito wa vyuma vyenyewe ukiwa umejumuishwa, wakati gunia moja la mahindi, zao lililoufanya Mkoa wa Rukwa kuhesabiwa miongoni mwa maghala ya taifa, hukaribia kilo 100, na likijazwa lumbesa, yaani kupita mdomo wake, huzidi. Katika mteremko wa milima ya Mbizi kuelekea Muze, bondeni Rukwa, uzito ulio juu huliyumbisha gari kwenye kona kama vile mzigo uliokaa vibaya ulivyomyumbisha mpagazi. Paa ambalo kwa macho linaonekana pana kuliko kichwa na mabega ya watu kumi hupokea kihalali mzigo wa wapagazi watatu tu, na hata huo hubebeka salama pale tu miguu ya vyuma ilipochaguliwa kwa kufuata reli, kama ngata ilivyosokotwa kwa kufuata kichwa.