Maji ya Chumvi

Kwetu Nguvumali maji ya kisima yana jina moja tu: maji ya chumvi. Baadhi yake ni ya chumvi kweli, kwani bahari haiko mbali. Lakini viko visima ambavyo maji yake hayana ladha ya chumvi hata kidogo, na bado jina ni hilohilo. Kilichomo humo ni chokaa. Kwa kutoijua tofauti hiyo niliwahi kumdhulumu mtoto, na ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi.

Kandokando ya mji wa Tanga pana mawe mengi ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji ndani ya mawe hayo, na kiwanda cha saruji cha Pongwe, kilichoanza kazi mwaka 1980, huyasaga kila siku. Wazee wa Tongoni, karne nyingi zilizopita, walijenga msikiti na makaburi yao ya nguzo kwa matumbawe, ndugu wa jiwe hilo. Mvua inapopenya udongoni hubeba hewa ya kaboni, ikawa kama siki dhaifu, ikaliyeyusha jiwe polepole. Maji hutoka kisimani maangavu, kumbe yamelibeba jiwe tumboni. Ukiyachemsha, jiwe hurudi: ndio ule ukoko mweupe wa birika, unaoichelewesha chai na kuumaliza mkaa. Maharage hugoma kuiva mpaka yatiwe magadi. Sabuni nayo, kabla haijatoa povu, hushikana na chokaa ikawa utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo. Vitabu vya sayansi huyaita maji magumu.

Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu kijana, sijatoka chuoni siku nyingi. Kila Jumatatu nilikagua usafi: kucha, nywele, mashati meupe. Kulikuwa na mvulana mmoja ambaye shati lake halikuwa jeupe bali rangi ya majivu. Nilimrudisha nyumbani mara tatu. Mara ya tatu alikuja na mama yake.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Shati hili nimelifua jana kwa mikono hii. Kipande cha sabuni kimeisha na povu sikuliona. Bomba la mtaa halitoi, nachota kisimani."

Nilimjibu kwa adabu, lakini moyoni nilisema huo ni udhuru. Nilikuwa nimesomea ualimu. Yeye hakuwa amesoma.

Miezi michache baadaye nilifundisha somo la maji. Niliwaagiza wanafunzi waje na chupa za maji kutoka makwao, tuyapime kwa njia ya Thomas Clark, mkemia wa Uskoti wa karne ya 19: unadondosha maji ya sabuni tone kwa tone, unatikisa, unahesabu mpaka povu litulie. Maji ya mvua yalitoa povu kwa matone machache. Maji ya mvulana yule tuliyadondoshea mpaka darasa zima likawa linahesabu kwa sauti, na juu yake palielea utando wa kijivu. Ilikuwa rangi ileile ya shati lake.

Jioni nilifungua daftari la ukaguzi. Aprili na Mei kijana alikuwa amepita kila wiki. Januari, Februari na Agosti alikuwa ameshindwa. Wakati wa masika mama yake alikinga maji ya paa. Ushahidi wote ulikuwa umeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, nami sikuusoma.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Nilimweleza habari za chokaa na povu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa umeyajua maji. Sabuni utanipa wewe?" Sikuwa na jibu.

Mwaka 1978 lilijengwa bwawa la Mabayani kwenye mto Sigi, unaoshuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Milima ile ni ya mawe magumu ya kale, yasiyoyeyuka upesi kama chokaa. Siku bomba lilipotoa, wanawake wa mtaani hawakuhitaji somo langu. Waliona kipande cha sabuni kinadumu. Siku lilipokatika walirudi kisimani, na mashati yakarudi kwenye majivu.

Sasa mambo yamebadilika sura. Mwenye uwezo huchimba kisima, akafunga pampu, akapandisha maji kwenye tangi na kuyashusha jikoni kwa bomba. Wajukuu huyaita maji ya bomba, kumbe ni jiwe lilelile limepanda ghorofani. Mwenye kuyanywa hana haja ya hofu: Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Hasara yake ni ya mfuko, na mfuko ule mara nyingi ni wa mama.

Walimu vijana wakija kunitembelea huwaonyesha ukoko wa birika langu. Nawaambia kwamba kabla ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa shati chafu, wamuulize kwanza: kwenu mnafulia maji gani?