Kanuni na Neno Jipya: Usahihi wa Mashine na Lugha ya Dandora

Makala haya yanachunguza swali moja la kihistoria: je, masharti ya kitu yakiandikwa kwa ukamilifu, kitu hicho chaweza kuundwa na mashine bila kosa? Mwanamantiki wa Marekani, Alonzo Church, alilitoa swali hilo mwaka 1957 kuhusu saketi. Mwaka 1969 Büchi na Landweber walithibitisha kwamba, kwa aina maalumu ya masharti, yawezekana ama kuiunda saketi inayofaa, ama kujua kwamba haipo.

Katika isimu, wazo lililokaribiana na hilo lilijitokeza Helsinki. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi aliieleza mofolojia ya Kifini kwa kanuni zifanyazo kazi pande mbili, yaani kuchambua na kuunda. Arvi Hurskainen, wa chuo kikuu hicho hicho, aliutumia utaratibu huo kwa Kiswahili katika programu ya SWATWOL, akauchapisha mwaka 1992. Chukua kiambishi mu-, ambacho huwa m- katika mtu na mw- katika mwalimu: kanuni ile ile inayoyachambua maneno hayo ndiyo inayoyaunda. Faida yake ni kubwa. Mwandishi wa sarufi aweza kuficha pengo nyuma ya maneno “na kadhalika”. Mashine haina njia hiyo.

Mpaka wa usahihi huo huonekana Dandora, mashariki mwa Nairobi. Mtaa huo ulitokana na mradi wa mwaka 1975 uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vilipangwa viwanja 6,000, na wenye viwanja wakapewa ramani za kujengea vyumba. Baadaye ghorofa ziliinuka mahali ambapo ramani ilionyesha nyumba za chini.

Lugha nayo ilipanda vivyo hivyo. Tazama neno la Sheng wanabonga, yaani “wanazungumza”: wa-na-bong-a. Nafsi, njeo, mzizi na kiishio, kila kimoja kimekaa mahali pake. Hata hivyo, mashine isiyo na mzizi -bong- katika orodha yake italikataa, kama itakavyolikataa umbo *nabongawa, ambalo hakuna msemaji wa Kiswahili wala wa Sheng alitamkaye. Makataa hayo mawili hayalingani. La pili lahusu sarufi. La kwanza lahusu upungufu wa orodha tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka, kutoka Dandora, lilitoa wimbo uitwao “Tafsiri Hii”. Jina hilo lamhusu mwanaisimu pia. Programu za aina hii zikitumiwa kusahihisha insha shuleni bila kuyatenganisha makataa hayo mawili, mtoto wa Dandora atahesabiwa kuwa hajui sarufi ambayo, kwa hakika, ameishika barabara. Mashine huthibitisha tu kwamba neno limeafiki masharti. Kuyapima masharti yenyewe kungali wajibu wa mwanaisimu.