Waruinge na Wameksiko Wawili

Hapa Machakos ukianzisha mazungumzo ya michezo, yatakimbia. Utatajiwa Cosmas Ndeti, aliyeshinda Boston Marathon mara tatu mfululizo kuanzia 1993, halafu Patrick Makau, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin mwaka 2011. Ni watu wa kwetu, na mimi pia hujidai nao nikiwa na wageni. Lakini niliwahi kuwauliza vijana ninaowafundisha historia kama wanamjua Philip Waruinge. Kimya. Mmoja akaniuliza ati alikuwa mbunge wa wapi.

Waruinge alikuwa bondia. Mji wake ni Nakuru, mji ambao wapenda ngumi wake walikuwa na ujasiri wa kuuita ukumbi wao Madison Square Garden, kama ule wa New York. Mwaka 1964, Kenya haijamaliza hata mwaka mmoja wa uhuru, tayari yuko Tokyo kwenye Olimpiki akiwa na umri wa miaka 19. Miaka miwili baadaye akachukua dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Kingston, Jamaika. Mwaka 1970, kule Edinburgh, akaichukua tena.

Katikati ya dhahabu hizo mbili kuna Meksiko.

Olimpiki ya 1968 tunaikumbuka kwa miguu: Naftali Temu, Kipchoge Keino, Amos Biwott, dhahabu tatu. Ndani ya Arena México kulikuwa na hadithi nyingine. Waruinge alifika nusu fainali ya uzani wa unyoya, kilo 57, na aliyemngoja alikuwa Antonio Roldán, mwenyeji. Sasa fikiria ukumbi ule. Unapigana na kijana wa nyumbani, mji mkuu wa kwao, na kila ngumi anayorusha inashangiliwa hata ikipita hewani. Majaji walikuwa watano. Watatu wakampa Roldán, wawili wakampa Waruinge.

Roldán akaenda fainali na kupata dhahabu bila hata kumaliza raundi zote, kwa sababu mpinzani wake, Al Robinson wa Marekani, alifukuzwa ulingoni raundi ya pili kwa kosa la kupiga kichwa. Waruinge akabaki na shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki ambayo Kenya iliwahi kupata katika ngumi.

Halafu likatokea jambo ambalo hadi leo hunichekesha. Siku hizo kila Olimpiki lilikuwa likitolewa Kombe la Val Barker kwa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote, wa uzani wowote. George Foreman alikuwa pale na dhahabu yake ya uzani mzito. Roldán alikuwa pale na ya kwake. Kombe akapewa Waruinge, Mwafrika wa kwanza kulipata. Kwani walikuwa wanatuambia nini? Yule mliyesema ameshindwa ndiye bora kuliko wote mliosema wameshinda? Mimi nalisoma kombe lile kama kukiri kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1972 kule Munich alirudi, akafika fainali. Akapoteza kwa Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovieti, majaji watatu kwa wawili. Tena! Olimpiki mbili, na kila mara jaji mmoja ndiye aliyekuwa tofauti kati yake na ushindi.

Siku hizo Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa pekee. Ukilipwa, umejifungia mlango. Basi mtu anafika miaka 27 akiwa na shaba, fedha, dhahabu mbili za Madola na kombe la ufundi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholipa kodi ya nyumba. Waruinge akaenda Japani na kuingia ngumi za kulipwa. Huko akapata jina jipya la ulingoni: Waruinge Nakayama. Miaka mingi baadaye wakimbiaji wetu wangeifuata njia hiyo ya Japani, Douglas Wakiihuri akiwa mmoja wao, lakini bondia huyu alikuwa ametangulia.

Na hapa ndipo wanaoijua hadithi yake huimaliza kwa sentensi moja: aligombea ubingwa wa dunia mara mbili mwaka 1976, akapigwa mara mbili. Ni kweli. Lakini tazama mizani kwanza.

Aprili 1976, Panama, anapigania mkanda wa WBC wa uzani wa super bantam, ambao ulikuwa mpya kabisa, haujawahi kuvaliwa na mtu. Kikomo ni kama kilo 55.3. Rigoberto Riasco, mwenyeji (tena mwenyeji), akammaliza kabla ya raundi kutimia. Novemba mwaka huohuo Waruinge yuko Culiacán, Meksiko, kupigania ubingwa wa bantam. Kikomo cha huko ni kilo 53.5. Akiwa kijana wa miaka 23 alipigana na kilo 57. Sasa ana miaka 31, na mwili unatakiwa uwe mdogo kuliko ulivyokuwa ujanani. Yeyote aliyewahi kujaribu kupunguza kilo mbili kabla ya harusi anajua hiyo ni nini, na wewe hukutarajiwa kupigwa ukifika ukumbini.

Aliyemngoja alikuwa Carlos Zárate, kijana wa mtaa wa Tepito, Mexico City, mtaa uliozaa mabondia kama Muthurwa yetu. Zárate alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake ilikuwa balaa: alipostaafu alikuwa ameshinda mapambano 66, na 63 kati ya hayo kwa kumaliza mtu kabla ya muda. Waruinge alifika raundi ya nne. Kuna mabondia wazuri waliofika hapohapo tu mbele ya Zárate. Alfonso Zamora, Mmeksiko mwenzake na bingwa wa WBA wa uzani huohuo, alikutana naye Aprili 1977, na yeye pia hakuiona raundi ya tano.

Zárate mwenyewe yalimpata ya majaji. Mwaka 1979, Las Vegas, alinyang'anywa mkanda kwa uamuzi uliogawanyika, akapewa Lupe Pintor, na watu wakaubishia sana. Alikasirika, akaacha ngumi kwa miaka kadhaa. Waruinge alipofanyiwa yake ya kwanza, mwaka 1968, alirudi ulingoni na kwenda kuchukua dhahabu ya Edinburgh.

Ukitaka kumfuatilia mwenyewe, rekodi zake za ridhaa ziko chini ya Philip Waruinge. Zile za kulipwa, tafuta Nakayama.