Printa Ndiyo Ilituletea Mtandao, Sasa Mbona Haiunganiki?

Kila msee mwenye printa ya waifai nyumbani anaijua hii. Laptopu iko kwa waifai. Printa iko kwa waifai, taa yake inawaka poa kabisa. Unatuma kazi, unaambiwa printa haipatikani. Na iko hapo mezani, unaiona! Unaanza kuizima na kuiwasha kama unaipunga pepo.

Mimi naona huu ujinga hauwezi kueleweka bila historia. Wengi tunadhani mtandao ulikuja kwanza, printa ikaongezwa baadaye. Zii. Printa ni mojawapo ya sababu kubwa zilizofanya mtandao wa ofisini na nyumbani ukatengenezwa.

Anzia Hawaii, 1971. Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitaka kuunganisha kompyuta za visiwa tofauti bila kuvuta waya baharini. Wakatumia redio, mtandao wakauita ALOHAnet. Shida ni kwamba mashine zote zilitumia masafa yale yale, kwa hivyo mbili zikiongea pamoja ujumbe unagongana na kuharibika. Dawa yao ilikuwa rahisi mpaka inachekesha: usipojibiwa, ngoja kidogo, muda wa kubahatisha tu, halafu rudia. Ni kama mkianza kuongea pamoja kwa simu, kila mtu ananyamaza halafu mmoja anawahi.

Sasa twende California, kwa maabara ya Xerox PARC. Kuna jamaa anaitwa Gary Starkweather. Wakubwa wake kule jimbo la New York hawakutaka kusikia wazo lake la kuchapisha kwa leza, akahamia PARC mwaka wa 1971. Akachukua mashine ya fotokopi, akaitia leza. Kitu alichopata kilikuwa moto: kurasa 60 kwa dakika, nukta 500 kwa kila inchi. Piga hesabu. Ukurasa mmoja wa karatasi ya Marekani ni nukta zaidi ya milioni 20. Waya za kawaida za kompyuta za wakati huo zingeilisha hiyo printa kwa kijiko.

Na pale PARC kila mtu alikuwa anapewa kompyuta yake, Alto, lakini printa ya maana ni moja. Kazi ya kuziunganisha ikamwangukia Bob Metcalfe, ambaye alikuwa amesoma kazi ya Abramson. Akachukua ile akili ya Hawaii, akaiboresha na kuishusha kwenye waya. Tarehe 22 Mei 1973 akaandika memo ya kueleza Ethernet. Waifai ilipopata kiwango chake 1997, nayo ikabeba akili hiyo hiyo: sikiliza kwanza, masafa yakiwa na kelele ngoja, kisha jaribu. Semesta zote nilizokaa chuo hakuna mtu aliwahi kututajia hii.

Halafu kuna upande wa hasira. Karibu mwaka wa 1980, maabara ya akili bandia ya MIT ilipewa printa ya leza na Xerox. Richard Stallman alikuwa mtunzi wa programu pale. Printa yao ya zamani alikuwa ameirekebisha, ikawa karatasi ikikwama inawatumia ujumbe waliokuwa wakingoja kazi zao. Hii mpya pia ilikwama, lakini programu yake ilikuja imefungwa, huwezi kuona ndani. Akaenda Carnegie Mellon kumwomba mtafiti mmoja aliyekuwa na nakala. Akanyimwa, kwa sababu yule alikuwa ameahidi kutoitoa. Stallman mwenyewe amesimulia stori hii mara nyingi, na mwaka wa 1983 alitangaza mradi wa GNU, ambao vipande vyake viko ndani ya mifumo mingi ya Linux leo. Karatasi kukwama, jameni! Kwangu hiki ndicho kipande kizito zaidi cha historia hii, kwa sababu bado tunanunua mashine tusizoruhusiwa kufungua, halafu tukiulizwa tatizo ni nini tunainua mabega.

Kuna wakati mambo yalikuwa rahisi. Mwaka wa 1985 Apple ilileta LaserWriter, bei dola 6,995, si ya watu wa kawaida. Lakini ilitumia AppleTalk. Kila mashine ilijichagulia namba, ikauliza wenzake kama kuna anayeitumia, kisha ikajitangaza kwa jina. Unafungua orodha, unachagua printa, imeisha. Halafu mtandao wa IP ukashinda kila mahali, na IP inataka namba zigawiwe na mtu au na rauta. Ile raha ikapotea. Stuart Cheshire akawa mmoja wa watu waliosukuma irudi, na mwaka wa 2002 Apple ikatoa kitu ambacho leo kinaitwa Bonjour. Ndicho AirPrint ilijengwa juu yake mwaka wa 2010.

Sasa angalia printa yako. Simu inapotafuta printa haipigi mlango mmoja, inapaza sauti kwa mtaa mzima: nani hapa anachapisha? Kwa waifai sauti hiyo hutumwa polepole na bila kuhakikisha imefika, kwa hivyo hupotea. Na kama simu iko kwenye waifai ya wageni, rauta kwa kawaida huizuia isisikike na vifaa vingine, hata kama intaneti inaingia fiti. Jaribu kwanza kuweka vifaa vyote kwenye waifai moja. Printa nyingi za bei nafuu pia husikia masafa ya 2.4 pekee, kwa hivyo usihangaike kuipeleka kwa 5.

Kuna ile ya stima kupotea. Zikirudi, rauta inaweza kugawa namba upya. Printa iliyokuwa 192.168.1.5 inaamka ikiwa 192.168.1.9, na laptopu inaendelea kubisha kwa nyumba ya zamani. Chapisha ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwa menyu ya printa yenyewe, usome namba. Ikianza na 169.254, printa ilikosa kupewa namba na rauta ikajichagulia, kama kwa AppleTalk. Iunganishe upya, ukiandika nywila polepole. Ikiwa namba ni ya kawaida lakini si ile laptopu inayo, ingia kwa rauta uifungie printa namba moja ya kudumu, kisha futa ile printa ya zamani kwa laptopu na uiongeze upya kwa namba hiyo.